Siku Cherehani ya Mama Ilipopimwa

Juma lililopita msichana mmoja wa kilima cha pili kutoka kwetu alitumwa kwangu na mama yake. Anakwenda ng'ambo kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na anataka kwenda na cherehani yake mwenyewe kwa sababu haziamini za huko. Mama yake alimwambia, "Nenda kwa yule aliyepanda ndege na cherehani." Ndivyo ninavyojulikana upande huu wa Nyamira. Nimeshonea shule nzima sare, nimeshonea maharusi ambao sasa watoto wao wanaoa, lakini nikifa bado watasema alipanda ndege na cherehani.

Nilimweleza. Toa sindano na bobini. Fungua boliti zinazoshika kichwa kwenye meza. Futa mafuta mpaka kitambaa kitoke kikavu. Funga kichwa kwa blanketi, kisha kamba. Mkasi usikae kwenye mkoba wa mkononi. Aliyaingiza yote kwenye simu yake, akashukuru, akaenda. Nilikuwa nimefungua chupa ya mafuta ili nimwonyeshe, na alipoondoka ile harufu ilibaki mezani. Nilikaa nayo kidogo. Yapo mambo ambayo sikumwambia kwa sababu hakuyauliza.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga, na ubavuni ilikuwa na maua ya rangi ya dhahabu yaliyofutika pale mkono wake ulipozoea kupita. Ilikaa dirishani, na sisi wanne tulilala tukisikia mlio wake. Baba alikufa mapema. Yeye namkumbuka kwa koti tu. Mama alipougua na kufa nilikuwa darasa la saba. Kemunto alikuwa na miaka kumi, Mogaka saba, na Nyaboke, kitinda mimba, alikuwa bado akikojoa kitandani. Tulinyolewa nywele sote siku moja, kama desturi ya msiba inavyotaka kwetu. Nakumbuka nilivyoshangaa kuona kovu kichwani mwa Mogaka ambalo sikuwahi kujua kwamba lipo.

Baada ya mazishi baba mdogo aliita kikao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake wengi na kipande kidogo cha chai, na alikuwa amepiga hesabu zake kabla hatujaketi. Kemunto angepelekwa mjini Kisii kwa jamaa wa mkewe, alee mtoto. Mogaka angekwenda Birongo kwa shangazi, dada yake baba, akachunge ng'ombe. Nyaboke angechukuliwa na nyanya mzaa mama. Mimi ningehamia kwake. Alisema haya kwa sauti ya mtu anayegawa viazi ambavyo anajua havitoshi.

"Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita baba na ndugu zake, "mimi nitabaki nao hapa. Nitashona."

Shangazi wa Birongo alicheka. "Ushone? Nani atakuletea kitambaa chake, wewe mwenye shingo kama ya kifaranga?"

"Mama alinifundisha."

"Alikufundisha kufunga vifungo."

Baba mdogo hakupenda kubishana mbele ya watu wa kanisa waliokuwa bado wamekaa pale wakinywa chai. Alisema nipewe muda mpaka shule zitakapofunguliwa. Nikionyesha kwamba ninaweza kuwalisha wadogo zangu, tutazungumza upya. Nisipoweza, kila mtoto ataenda alikopangiwa. Mkewe, mama mdogo, alisimama mlangoni akisema kwamba cherehani ingefaa ikae kwake kwa wakati huo, isije ikaingia kutu. Usiku ule niliifunga mguu wake kwenye kitanda chetu kwa mnyororo wa ng'ombe. Siku hizi najua kwamba mnyororo ule mtu yeyote angeufungua kwa mkono mmoja.

Aliyekuja kunitoa hapo ni Mama Zuhura. Alikuwa na duka la vitambaa mjini Kisii, na mama alikuwa amemshonea tangu kabla sijazaliwa. Mama alikuwa Msabato na Mama Zuhura Mwislamu, na wote wawili hawakula nguruwe. Mama alisema urafiki wao ulianza kwa hilo, siku walipokutana kwenye sherehe ya watu wengine na kujikuta wameketi pamoja na wali mtupu. Alifika kutoa pole. Akiwa amekaa, akaona gauni nililokuwa nalimalizia, akaligeuza ndani nje, akauvuta mshono kwa nguvu.

"Mshono wa nani huu?"

"Wangu."

Akauvuta tena. "Zuhura anaolewa Mombasa mwezi huu. Mama yako aliniahidi kushona nguo za wanawake wote wa upande wetu, na mafundi wa kule wamejaa kazi mpaka shingoni. Utakuja wewe?"

"Nitakuja na cherehani."

"Mwanangu, Mombasa cherehani zipo."

"Nikiiacha hapa, nikirudi nitaikuta imehama."

Mama Zuhura akamtazama mama mdogo, ambaye alikuwa bado pale mlangoni. "Basi itakuja," akasema.

Miguu yake ilikuwa ikivimba akikaa garini muda mrefu, na kwa sababu hiyo mwanawe mkubwa alikuwa amemnunulia tikiti ya ndege. Akaninunulia na mimi. Baba mdogo alipoambiwa alisema, "Yaani cherehani ipande ndege na mimi sijapanda?" Watu walicheka, naye mwenyewe akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko kisicho cha dharau pale nyumbani tangu msiba, na nilishukuru kidogo moyoni.

Nyanya alikuja kukaa na wadogo zangu. Meza na miguu ya cherehani tuliviacha. Kichwa tukakifunga kwa blanketi la mama. Mogaka aliuliza kama kitapewa kiti chake. Nilipokuwa naondoka alinishika sketi akasema, "Usiiachilie." Nikamwambia sitaiachilia.

Sasa yafaa nieleze jinsi tulivyokuwa tunauza chai, kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa kilichonipata. Jioni, baada ya kuchuma, tulibeba majani mpaka kituo cha kununulia, kibanda chenye paa la mabati kando ya barabara. Karani alikuwa na mizani ya kuning'iniza. Unatundika gunia lako, anasoma, anapunguza uzito wa gunia, anaandika, anakupa karatasi. Tangu hapo majani si yako tena. Vijana wanayachukua, yanapita upande wa pili wa kibanda, lori linaondoka. Niliwahi kusahau sweta yangu ya shule ndani ya majani. Nilikumbuka karatasi ikiwa tayari mkononi, na karani akaniambia, "Imeshapimwa, mama. Imeenda." Sweta ilikwenda kiwandani na chai. Watoto wote wa kwetu walijua hivyo: kilichopimwa na kuandikiwa karatasi kimeuzwa.

Uwanja wa ndege wa Kisumu ulikuwa na sakafu iliyong'aa kiasi kwamba niliona kivuli cha blanketi letu. Nilikuwa nimefunikwa mtandio wa Mama Zuhura juu ya kichwa kilichoanza kuota nywele. Nilibeba cherehani mimi mwenyewe. Nilikataa kusaidiwa. Tukafika mbele ya dada mmoja aliyevaa sare na kitambaa shingoni.

"Kuna nini humo?"

"Kichwa cha cherehani," Mama Zuhura akasema.

"Kiweke hapo."

Pale aliponyooshea kidole palikuwa na bamba la chuma, na nilipoweka tu, nambari zikawaka. Nikajua ni mizani. Nilisimama nikiingoja sehemu iliyobaki, nayo ikaja kama ninavyoijua. Alisoma. Aliandika. Akabandika karatasi kwenye kamba.

"Hujatoa uzito wa blanketi," nikamwambia.

Akanitazama. "Nini?"

"Umepima na blanketi. Blanketi si chuma."

Aliangua kicheko akamgeukia mwenzake. "Huyu anataka tumtolee blanketi!" Mwenzake naye akacheka. Nikafikiri: hata karani wetu, ambaye watu wote walimsema kwa kupunja, alipunguza gunia. Dada yule akampa Mama Zuhura kipande cha karatasi. Mkanda ukasogea, na cherehani ya mama ikapita chini ya vipande vya raba vinavyoning'inia, ikatokomea upande wa pili.

"Inaenda wapi?" nikauliza.

"Imeshaenda," Mama Zuhura akasema, akitia karatasi kwenye pochi. "Haya, twende, usinicheleweshe."

Neno lilikuwa lile lile la karani.

Mtu mzima anaposoma haya atauliza kwa nini sikupiga kelele. Nami nimejiuliza. Lakini nililelewa katika nyumba ambayo mtoto hamuulizi mkubwa, "Je, umeuza kitu changu?" Zaidi ya hayo, jambo lenyewe lilionekana kuwa na maana. Ndege si bure. Nilijua tikiti imelipwa, ila sikuwa nimeona ikilipwa kwa kitu gani, na sasa nilikuwa nimeona. Sikumwona Mama Zuhura kuwa mwizi. Nilimwona kuwa mtu mkubwa aliyefanya biashara ya watu wakubwa na kusahau kuniambia, kama vile baba mdogo alivyogawa watoto na kutuambia baadaye.

Tukapanda. Alinipa kiti cha dirishani. "Tazama, mwanangu, ziwa lile! Tazama mashua zilivyo kama mbegu!" Sikutazama. Watu huniuliza mpaka leo Ziwa Viktoria linaonekanaje kutoka juu, na huwa nasema ni kubwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama mfuko wa karatasi ulio nyuma ya kiti cha mbele. Walileta soda. Nikakataa. Nilihisi kwamba nikiinywa nitakuwa nimekunywa cherehani ya mama.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Unaogopa?"

"Hapana."

"Basi mbona umekunja uso kama kitambaa kilichoanikwa bila kukung'utwa?"

Nikamwambia nimechoka. Akanifunika kwa mtandio wake, akafunga macho, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Yeye ndiye aliyekuwa anaogopa.

Nilichofanya katika ndege ile ni kuwapanga wadogo zangu bila cherehani. Sikulia. Kulia kungehitaji nafasi, na nilikuwa nimebanwa kati ya dirisha na mkono wa Mama Zuhura. Nilianza na chai, kwa sababu chai naijua. Majirani wawili walikuwa wazee na watoto wao wako mijini. Majani yao yalikuwa yanapita wakati bila kuchumwa. Ningechuma asubuhi kwa mmoja na mchana kwa mwingine. Kemunto angebaki shuleni, na akirudi angepika, maana tayari alikuwa anajua kupika ndizi zisishike sufuria. Mogaka alipenda ng'ombe. Jirani wa chini alikuwa na ng'ombe wa maziwa na mgongo mbovu. Mogaka angemkatia majani ya ng'ombe kabla ya shule naye angetupa maziwa. Nyaboke angelala katikati yetu ili tumwamshe usiku. Migomba ya mama ilikuwa inazaa. Mkono wangu bado ulikuwa na sindano ya kawaida: pindo, vifungo, viraka, mifuko ya sare iliyopasuka, vyote hivyo havihitaji cherehani. Nikapitia tena mwanzo hadi mwisho, nikitafuta pale ambapo mmoja wao angelala njaa. Nikapaona, mwezi ule wa mvua nyingi ambao chai haichumwi vizuri, nikapaziba kwa maharage.

Nairobi tulibadilisha ndege. Niliwaona watu wengine wakichukua mizigo yao, sisi tukipita mikono mitupu. Hapo hata tumaini dogo nililokuwa nalo likaondoka, na nikashangaa kwamba halikuniuma kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimeshafika upande wa pili wake.

Mombasa joto lilitupiga mlangoni. Tukaingia katika chumba chenye mkanda unaozunguka, na mabegi yakaanza kutoka ukutani. Kisha nikaona blanketi la mama. Lilikuja taratibu, limelala ubavu, kamba iko vile vile nilivyoifunga. Likafika mbele yangu. Sikuligusa. Likapita, likazunguka tena.

"We mtoto! Unangoja likushike lenyewe?"

"Wameirudisha?" nikauliza.

"Nani?"

"Walioinunua."

Mama Zuhura alinitazama, kisha akatazama blanketi, ambalo lilikuwa linakuja kwa mara nyingine. Nilimweleza yote: mizani, karatasi, karani wa chai, uzito wa blanketi. Alicheka mpaka akashika mkono wa mtu asiyemjua ili asianguke. "Wallahi! Wallahi, huyu amefikiri nimemuuzia cherehani!" Mtu yule naye akacheka bila kujua kwa nini, akatushushia mzigo. Kisha Mama Zuhura akaacha kucheka, ghafla.

"Tangu Kisumu umekaa na jambo hili?"

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza?"

"Wewe ni mkubwa."

Alinishika mkono mpaka tulipofika nyumbani kwa watu wa bwana harusi. Usiku wake aliwasimulia wanawake wote, na kwa siku zote nilizokaa pale niliitwa Karani. "Karani, nipime kiuno, lakini toa uzito wa kanga!" Sikuchukia. Niliazimiwa meza ya cherehani ya jirani, kichwa kikakaa vizuri, nikashona. Nilishona mpaka mguu ukawa unakanyaga nikiwa nimelala. Wanawake wa kule wanajua nguo. Walirudisha mbili, nikazifumua na kuzishona upya. Harusi ikapita. Niliporudi nilikuwa na malipo yangu, mabaki mengi ya vitambaa, na ahadi ya Mama Zuhura kwamba sare za watoto zinazoagizwa dukani kwake atanipa mimi.

Kikao kiliitwa kabla shule hazijafunguliwa. Walikuja wale wale. Shangazi wa Birongo alikuwa amekuja na kaptura mpya ya Mogaka kwenye mfuko, amvalishe kwa safari. Mogaka aliiona akaenda kukaa nyuma ya jiko.

Baba mdogo alitazama nilichokileta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umefanya kazi. Hilo hatulikatai. Lakini nikuulize kama mzazi. Cherehani ni chuma, tena chuma kizee. Ikivunjika je?"

"Hapo sasa," shangazi akasema. "Amepanda ndege mara moja anajiona waziri. Mjibu tata yako."

Nikamjibu. Nilianza na majirani wawili wazee na chai yao. Nikaenda kwa Kemunto, nikaenda kwa ng'ombe mwenye maziwa na mwenyewe mwenye mgongo mbovu, nikaenda kwa migomba, kwa viraka na vifungo, kwa Nyaboke kulala katikati. Nilisema hata maharage ya mwezi wa mvua. Sikutafuta maneno, yalikuwa yamekaa mahali pake tangu nilipoyaweka.

"Na ikiibiwa?" baba mdogo akauliza, kwa sauti ya chini.

"Hivyo hivyo, Tata."

Wazee wa kanisa walimtazama baba mdogo. Baadaye niliwasikia wakisema kwamba mtoto yule amezaliwa na akili ya mtu mzima. Haikuwa kweli, ila sikuwasahihisha. Nilikuwa tu nimeshawahi kuipoteza cherehani ile, kutoka Kisumu mpaka Mombasa, na wao walikuwa ndio kwanza wanaanza kufikiria jambo hilo.

"Basi wakae," baba mdogo akasema. "Wakae tuone."

Watu walianza kunyanyuka. Shangazi alichelewa. Alikuja akasimama mbele yangu na mfuko wake, na mara hii hakuwa anacheka.

"Umempanga Kemunto," akasema. "Umempanga Mogaka, umempanga Nyaboke, umempanga hata ng'ombe wa watu. Na wewe? Wewe mwenyewe umejipanga wapi?"

Nikatafuta. Nilipitia yote tena, mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyofanya kule juu, na sikujikuta. Shuleni sikuwapo. Katika miaka iliyokuwa mbele sikuwapo. Ndege ilikuwa imeshuka kabla sijajifikia.

"Hapa," nikamwambia.

Shangazi akaitoa ile kaptura mfukoni, akaiweka juu ya meza ya cherehani, akafunga leso yake vizuri, akashika njia ya Birongo peke yake.